Eti kidole tumbo siku hizi hakikatwi?

Imezunguka tena wiki hii ile voisi ya WhatsApp ya jamaa mwenye sauti nzito, anasema madaktari wanaficha siri, kwamba kidole tumbo siku hizi hakikatwi, unameza antibayotiki siku kumi unapona, na wanaokukimbiza thieta wanataka hela yako tu. Nimeletewa na watu wengi, mmoja wao shangazi yangu ambaye kaituma kwenye grupu la familia na maneno "wewe si uko hospitali, tuambie ukweli". Haya shangazi, naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena natuma linki. Mimi ni nesi, nipo emajensi huku Kanda ya Ziwa, si daktari bingwa na kisu sijawahi kushika, ila napenda sana kusoma tafiti, zamu ya usiku ikitulia (mara chache) mimi utanikuta na simu nasoma. Na yule jamaa wa voisi nusu ya alichosema ni kweli kabisa. Ni ile nusu nyingine inayonipandisha presha.

Kwanza tumalizane na mbegu za mapera. Na mawe ya kwenye mchele, na kukimbia ukiwa umeshiba. Kila anapolazwa mtu wa kidole tumbo lazima pembeni ya kitanda awepo ndugu mmoja anayekumbuka kwamba huyu juzi alikula mapera, na mgonjwa mwenyewe na maumivu yake anaanza kujitetea. Kidole tumbo ni kamrija kembamba kasikotokea upande wa pili, kananing'inia pale utumbo mdogo unapoingia kwenye utumbo mpana, chini kulia. Kakiziba, bakteria wanazaliana humo ndani, kanavimba, damu inashindwa kupita, kanaoza, mwisho kanapasuka na uchafu unamwagika tumboni. Kinachoziba mara nyingi ni kijiwe cha kinyesi kilichokauka au tezi za humo humo ndani zikivimba, na kuna wengine wanapasuliwa wala hakionekani kilichoziba. Mbegu zimewahi kukutwa ndio, ila kwa nadra sana. Mapera kuleni.

Sasa swali la nani anaupata na kwa nini lina historia iliyopita hapa hapa kwetu, ng'ambo ya ziwa tu. Kulikuwa na daktari wa upasuaji kutoka Ireland anaitwa Denis Burkitt, jamaa ana jicho moja, lingine lilipotea utotoni, akafanya kazi Uganda kuanzia 1946 mpaka 1964, kwanza Lira halafu Mulago pale Kampala. Wengi mnaosoma afya mnamjua kwa ile saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake, aliiandika 1958, na mwaka 1961 akachukua gari na wenzake wawili wakazunguka maili kama 10,000 kushuka kusini mwa Afrika na kurudi, hospitali kwa hospitali, wanauliza tu "huu ugonjwa mnauona hapa?" Yani utafiti wa gari na kalamu. Baadaye tabia ya kuuliza uliza hospitali za misheni akaihamishia kwenye magonjwa mengine ya tumbo, na mwaka 1971 akaandika kwamba kidole tumbo ni kitu cha nadra vijijini Afrika lakini kimejaa Ulaya, na kwamba sababu ni chakula: huku watu wanakula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, choo kinakuwa laini na kikubwa, kule wanakula mikate meupe na choo kinakauka kinaziba.

Hoja tamu, na kila kitabu kikaibeba. Halafu akatokea mtafiti mwingine, Mwingereza David Barker, ambaye naye mwanzoni mwa miaka ya 70 alikuwa Uganda akitafiti vidonda vya ngozi vya Buruli, na mwaka 1985 akasema hapana bwana, takwimu za Uingereza hazifuati nyuzinyuzi, ugonjwa ulipanda wakati watu walipoanza kupata mabomba ya maji ya moto na bafu majumbani, watoto wakakosa maambukizi madogo madogo ya utotoni, kinga zao zikaja kupambana nayo ukubwani kwa nguvu kupita kiasi na tezi za kidole tumbo zikavimba. Watu wawili, wote wamepitia Uganda, mmoja anasema chakula mwingine anasema usafi, na mpaka leo hakuna aliyemshinda mwenzake moja kwa moja. Mimi nikiwa mapokezi nawaona wote, wa mjini wa chipsi mayai na wa kisiwani wa ugali na dagaa, kwahiyo mkinitaka nichague upande mtasubiri sana.

Historia ya kukikata nitaipitisha haraka. Cha kwanza kinachojulikana kukatwa kilikatwa London 1735 na Claudius Amyand, kwa mtoto wa miaka 11. Mwaka 1886 Reginald Fitz wa Boston akaonyesha kwamba zile jipu za tumbo chini kulia chanzo chake ni kidole tumbo na kitolewe mapema, McBurney wa New York akaonyesha pa kubonyeza, na 1980 Kurt Semm kule Kiel, Ujerumani, akakitoa kwa vitundu na kamera. Ila anayenifurahisha ni Mrusi, Leonid Rogozov, miaka 27, daktari peke yake kwenye kambi ya Antaktika, mwezi wa nne 1961 kidole tumbo kikamshika, hakuna ndege, hakuna meli, akajipiga ganzi akajipasua mwenyewe, dereva kashika kioo na mtaalamu wa hali ya hewa anamwekea vifaa. Alipona, wiki mbili akarudi kazini. Halafu mtu ananiambia anaogopa ganzi ya mgongo!

Ila kutibu kwa dawa nako si jambo la jana. Kuna daktari Uingereza, Coldrey, miaka ya 50 alitibu mamia ya wagonjwa kwa antibayotiki na akaandika. Shida ni kwamba hakuna kundi la kulinganisha nalo, na wenzake walikuwa wanakata kila siku na watu wanapona, nani amsikilize.

Hapa ndo tunafika kwenye Wafini. Utafiti unaitwa APPAC, uliongozwa na Paulina Salminen kule Turku, Ufini, wagonjwa 530 kwenye hospitali 6, majibu yalitoka 2015. Walichofanya, na hiki ndo cha kuelewa, hawakumwacha daktari achague nani akatwe na nani apewe dawa, maana daktari angewapa dawa wale walio afadhali na kuwakata walio hoi halafu dawa zingeonekana za ajabu. Walipiga kura. Ukiangukia upande huu unapasuliwa, ukiangukia ule unapewa dripu ya antibayotiki iitwayo ertapenemu siku 3 halafu vidonge siku 7. Mwaka mmoja baadaye, kati ya waliopewa dawa karibu 73 katika kila 100 hawakuwa wamepasuliwa. Wote waliokuwa wanashikilia kwamba dawa tu ni kumuua mtu wakanyamaza kidogo. LAKINI kabla ya kuanza walikuwa wamejiwekea mstari: dawa zisipitwe na kisu kwa zaidi ya 24 katika 100. Zikapitwa kwa 27. Kwahiyo kwa sheria yao wenyewe dawa zilifeli, na bado kila gazeti liliandika zimefaulu. Mimi naona wote wana haki, maana ukimwambia mgonjwa "una nafasi 7 kati ya 10 ya kutopasuliwa mwaka huu" wengi watakwambia nipe hizo dawa, hawana habari na mstari wako. Walipofuatiliwa miaka mitano, waliorudiwa na ugonjwa walifika 39 katika 100.

Wamarekani nao wakaja na CODA mwaka 2020, kubwa zaidi, watu wazima 1552, vituo 25. Hawa hawakuwachuja wenye kile kijiwe nilichokisema, waliwaingiza wote, na hapo ndo utamu ulipo. Ndani ya siku 90 waliopewa dawa 29 katika 100 walikuwa wameshapasuliwa, ila ukiwatenganisha, wasio na kijiwe ni 25, wenye kijiwe ni 41, na matatizo makubwa yalikuwa yamejaa kwa hao hao wenye kijiwe. Baada ya miaka mitatu minne karibu nusu ya waliopewa dawa walikuwa wameishia kukatwa. Upande wa pili wa shilingi, karibu nusu ya waliopewa dawa hawakulazwa kabisa, wametoka emajensi wakaenda kwao, na walikosa kazi siku kama 5 wakati waliopasuliwa walikosa karibu 9. Kwa dereva boda siku nne ni hela ya kodi hiyo, tusidharau.

Watoto pia wamefanyiwa utafiti, majibu yakatoka 2025, watoto zaidi ya 900 wa Kanada, Marekani, Ufini, Uswidi na Singapuri, na kwao dawa zilishindwa kwa 34 katika 100 ndani ya mwaka. Na Wafini wakarudi tena na kitu cha kushangaza zaidi, kautafiti kadogo ambako kundi moja lilipewa dripu ya uongo isiyo na dawa, siku kumi baadaye 87 katika 100 walikuwa wamepona bila kisu, wa antibayotiki wakiwa 97. Maana yake vidole tumbo vingine vinapoa vyenyewe tu. Ndo hapo mganga anapopata sifa!

Kwahiyo jamaa wa voisi hakudanganya kwamba dawa zinatibu. Alichoacha ni hawa watu walikuwa akina nani. Mgonjwa wa Turku kabla ya kupigiwa kura alishaingia siti skani, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, imeonekana kabisa ni kidole tumbo, hakijapasuka, hakina jipu, hakina kijiwe. Akipewa dawa yupo wodini anaangaliwa, mambo yakiharibika saa nane usiku anavuka korido anaingia thieta. Mgonjwa wangu mimi anatoka kisiwani, boti ya mwisho imeshaondoka, huko aliko kuna zahanati, siti skani ipo hospitali ya rufaa mjini na foleni yake. Nikimpa dawa leo nikamwambia "ukizidiwa rudi", ukizidiwa rudi ya Seattle kule Marekani na ukizidiwa rudi ya Ukerewe ni sentensi mbili tofauti kabisa.

Na kabla hata ya dawa kuna swali la kama ni kidole tumbo kweli. Pale hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha utafiti 2011, wagonjwa 127 waliopasuliwa kwa kidhaniwacho kidole tumbo, wakipimwa na zile alama za Alvarado. Alama hizi alizibuni Alfredo Alvarado mwaka 1986, unahesabu: maumivu yalianzia kitovuni yakahamia chini kulia, hamu ya kula hakuna, kichefuchefu, ukibonyeza panauma, ukiachia ghafla panauma zaidi, joto limepanda, chembe nyeupe za damu zimepanda, basi unajumlisha. Hazihitaji mashine ya picha, ndo maana tunazipenda. Matokeo yao, 33 katika 100 walipofunguliwa kidole tumbo kilikuwa kizima, na kwa wanawake ndo zaidi. Msiwacheke, wameandika ukweli wao, hospitali ngapi zinaandika? Na ndo hali ilivyo popote pasipo na picha za kutosha.

Sasa igeuze. Kama mmoja kati ya watatu hakuwa na kidole tumbo, ukimfungia antibayotiki nyumbani unatibu nini? Hapa ndo naomba shangazi asome polepole. Binti wa miaka 20 na kitu anaumwa chini kulia, kaambiwa ni chango, kanywa dawa ya mizizi, haikusaidia, kaenda duka la dawa kanunua vidonge vya metro na amoksilini kwa sababu ya voisi ya WhatsApp. Kumbe ni mimba imetunga nje ya kizazi. Inavuja damu ndani taratibu, antibayotiki haina kazi yoyote pale, na akiletwa kwetu kapauka mapigo yanakimbia. Ndo maana kwetu mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa akija na tumbo tunapima mimba kwanza, na akina mama msikasirike binti yenu wa shule akipimwa, hatumtuhumu mtu. Kwa wanaume ni ngiri, kila maumivu ya huko chini ni ngiri, anakunywa dawa ya ngiri wiki nzima. Na huku kwetu typhoid inatoboa utumbo, Bugando hao hao walichapisha 2012 wagonjwa 104 waliotoboka utumbo kwa typhoid, karibu robo yao walifariki. Ile nayo inaanza na homa na tumbo, na nusu dozi ya duka la dawa inapoza dalili siku mbili tatu, mtu anajiona mzima, halafu inarudi na tumbo limeshakuwa gumu kama ubao.

Nirudi kwenye mambo ya emajensi maana kuna mawili yanaleta kelele sana na ndugu wa wagonjwa. La kwanza, "mmemlaza tangu saa mbili usiku mbona hamumpasui?" Utafiti wa Ufini na Norwei uliotoka 2023, wagonjwa zaidi ya 1800, ulipiga kura wengine wapasuliwe ndani ya saa 8 na wengine ndani ya saa 24, waliopasukiwa na kidole tumbo ni 8 katika 100 upande mmoja na 9 upande mwingine, yani hakuna tofauti. Kwahiyo ambaye hana dalili za kupasuka, kusubiri timu ya asubuhi iliyolala si uzembe. Ila zile saa zinahesabiwa kuanzia amepangiwa upasuaji hospitali. Wewe uliyekaa nyumbani siku tatu unachua tumbo na mafuta ya nazi, hizo saa 24 si zako, usizidai.

La pili ni dawa ya maumivu. Tulivyofundishwa zamani mgonjwa wa tumbo asipewe dawa kali ya maumivu mpaka bingwa amwone, eti dalili zitafichika. Watu wamelia usiku kucha kwa ajili ya sentensi hiyo. Waingereza walijaribu, 1992 wakachapisha wagonjwa 100, wengine wakachomwa dawa ya jamii ya mofini na wengine maji ya chumvi, waliopewa dawa walitulia na daktari hakupotezwa njia, na tafiti zilizofuata zikasema hivyo hivyo. Zaidi ya miaka 30 imepita na bado nakutana na watu wa kada yangu wanaoshikilia ya zamani. Mgonjwa aliyetulia anakubali kubonyezwa jamani, anayejikunja kwa maumivu hata ukimgusa goti anapiga kelele, utajua nini hapo?

Watu wanasema hizi tafiti zote ni za wazungu, tufanyeje. Sio zote. Ninayoipenda kuliko zote inaitwa ChEETAh, ilitoka 2022, hospitali 81 kwenye nchi 7: Benin, Ghana, India, Meksiko, Naijeria, Rwanda na Afrika Kusini, wagonjwa zaidi ya 13,000. Swali lao lilikuwa dogo mno: kabla ya kufunga tumbo, timu ikivua glavu ikavaa mpya na ikachukua vifaa visafi, je vidonda vitapungua kutunga usaha? Kura walipiga kwa hospitali nzima nzima badala ya mgonjwa mmoja mmoja, maana huwezi kumwambia daktari yule yule leo badili kesho usibadili. Usaha ukashuka kutoka karibu 19 katika 100 mpaka 16. Mtu anaweza kuona ni kidogo, ila anayefunga vidonda wodini anajua, kidonda kikichimbika mtu anakaa wiki, ndugu wanakaa wiki, shughuli imesimama. Na hizi hizi nchi, Rwanda ikiwemo, mwaka mmoja kabla walijaribu nyuzi za bei zenye dawa na dawa ya bei ya kusafishia ngozi, wagonjwa zaidi ya 5,000, wakakuta havisaidii kuliko vya kawaida. Hilo nalo ni jibu, limeokoa hela za hospitali za wilaya ambazo zingeenda kununua uzi wa kifahari.

Ndo utafiti wa kidole tumbo ninaoutaka mimi uwe hivyo. Usianze na siti skani, uanze na ultrasaundi tuliyonayo, ambayo kijiwe inaweza kukikosa kwahiyo itabidi waseme tangu mwanzo watafanyaje. Kipimo cha mimba kwa kila mwanamke. Dawa ziwe seftriaksoni na metro, zile zilizopo kabatini kwetu, maana ertapenemu kwangu naisoma tu, na wapime usugu pia kwa sababu tumezimeza hizi dawa kwa kila kikohozi. Wasihesabu waliopona peke yake, wahesabu aliyezidiwa usiku alichukua saa ngapi kufika, alipanda nini, na nauli ya boti alikopa kwa nani. Na apigiwe simu siku ya pili na ya tano na muuguzi, si ujumbe wa kompyuta, maana watu wetu kwenye ujumbe wanajibu "poa tu" hata kama hawawezi kusimama. Kama kuna mtu kwenye vyuo vyetu anaandaa kitu cha namna hiyo anitafute, fomu nitajaza, hata zamu ya usiku.